Kesi ya Maziwa Nyumbani kwa Chifu

Nyumbani kwetu Chebunyo maziwa hayakuwahi kushtakiwa mpaka shangazi yangu, Senge Redio, aliposikia kwamba figo za mke wangu zimeingia kalsiamu. Alifika ng'ombe hawajamaliza kukamuliwa, mkoba kwapani, akakataa hata kuketi.

"Kalsiamu ni maziwa," akatangaza. "Na hapa mnayanywa toka alfajiri hadi usiku. Kuanzia leo mke wako asiyaguse."

Kufikia saa nne habari ilikuwa imeshatua sokoni. Adhuhuri jirani akamtuma mtoto kuuliza kama ni kweli tunauza ng'ombe wote, na kama ni kweli, yule mwenye paji jeupe ni bei gani.

Mwenzangu mwenye familia, unajua jambo likishapita kwa Senge halirudi. Ila lazima uelewe uzito wa hukumu yenyewe. Watu wakisikia Bomet hudhani kila kilima kimefunikwa na majani chai. Huko ni juu, upande wa Kapkoros na Mogogosiek. Sisi tuko chini, Chepalungu, tunakokaribiana na Transmara. Jua letu ni kali, mahindi yetu huisubiri mvua kwa wasiwasi, na shilingi yetu hutoka kwenye kiwele cha ng'ombe. Mtoto wa hapa huonja mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, kabla hajajua kutembea. Kumwambia mwanamke wa Chebunyo aache maziwa ni kumwambia ahame.

Mke wangu tunamwita Chifu. Jina hilo alipewa na watoto kwa sababu ya mabaraza anayoitisha jikoni: nani aliacha lango wazi, nani alimaliza sukari, kwa nini punda hajanyweshwa. Ana kumbukumbu ndefu na sauti ndogo, na sijawahi kuona mtu akitoka kwenye baraza lake akiwa na msimamo ule ule alioingia nao. Kwenye makazi yetu yuko pia mama yangu, ambaye wajukuu humwita Kogo nasi sote tukafuata. Yuko binti yetu mkubwa, Hansadi, anayesomea uuguzi na anayekumbuka neno kwa neno ulichosema mwaka juzi. Yuko Spidi, mpwa wangu, mwenye pikipiki inayobeba maziwa. Na yuko kitinda mimba, Kamishna, ambaye huuliza maswali hadi mgeni aage.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umejitangaza usiku. Chifu alijifungua watoto wetu wote bila kupiga kelele, lakini usiku ule aling'ata blanketi. Maumivu yalianzia ubavuni chini ya mbavu, yakateremka hadi kinenani, yakatulia kidogo, kisha yakarudi na nguvu mpya. Kogo alisema ni mgongo wa kubeba maji. Senge, kwa simu, alisema ni ini. Kulipopambazuka Chifu alikuwa amekwisha amka kukamua, kwa sababu, alisema, ng'ombe hawajui habari za ubavu. Ilibidi nimwite Hansadi azungumze naye, kwa kuwa mimi ananisikiliza siku ya mazishi tu. Mchana tukapanda gari la Probox, tukapitia Sigor, tukaenda hospitali.

Picha ya ultrasaundi ilionyesha mambo mawili. Kijiwe kidogo kilikuwa kikishuka kwenye mrija wa mkojo, na hicho ndicho kilichomtesa. Daktari alisema vijiwe visivyozidi milimita tano kwa kawaida hutoka vyenyewe, mgonjwa akipewa dawa ya maumivu na muda. Kweli, kilitoka. Jambo la pili halikuwa na kelele: ndani ya nyama yenyewe ya figo zote mbili kulikuwa na weupe uliotapakaa. Nefrokalsinosisi, akasema. Daktari alikuwa kijana mpole. Alipoona nyuso zetu akauliza kama tunachemsha maji ya kisima. Tukasema ndiyo. "Mmeona ule ukoko mweupe unaoshika ndani ya birika? Kitu cha namna hiyo kimeshika ndani ya figo za mama." Chifu, aliyepitia mateso yote yale bila chozi, alilia pale. Anajua ilivyo kazi kukwangua birika.

Mawe mengi ya figo, karibu manane kati ya kumi, ni ya kalsiamu. Lakini jiwe lina mahali pa kupitia. Chembe zilizojipachika kwenye nyama ya figo hazina pa kwenda. Kaka yake Chifu aliye Minnesota, Marekani, tunayemwita Dola, alipiga simu usiku huo huo akitaka kuchangisha pesa za ile mashine ya kuvunja mawe kwa mawimbi, iliyotumiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza Munich, Ujerumani, mwaka 1980. Hansadi akamweleza taratibu kwamba mashine hiyo humfaa mtu mwenye jiwe lililokaa kwenye vyumba vya figo au kwenye mrija. Kwa weupe ule kilichobaki ni kutafuta chanzo na kuuzuia usizidi.

Basi chanzo kikatafutwa. Damu ilitolewa kupima kalsiamu, kupima jinsi figo zinavyochuja, na kupima homoni ya zile tezi nne ndogo za shingoni zinazotawala kalsiamu mwilini. Tezi moja ikivimba inaweza kumwaga kalsiamu kwenye damu bila kukoma, na dawa yake ni upasuaji. Nilingoja majibu yale nikiwa sina hamu hata ya chai. Tezi zilikuwa salama. Daktari akauliza kama mama anameza vidonge vyovyote. Chifu akasema hapana. Kamishna, aliyekuwa chini ya meza, akasema, "Na zile za Anko Dola?"

Zile za Anko Dola zilikuwa makopo makubwa ya kalsiamu na vitamini D, yaliyotumwa kwa upendo mtupu baada ya Chifu kulalamikia magoti. Alikuwa akizimeza asubuhi tumbo tupu, na nyingine jioni, kwa kuwa makopo yalikuwa makubwa na hakutaka zawadi ya kakake iharibike. Daktari aliyaweka kando bila kumlaumu mtu. Vitamini D ikizidi sana mwilini huweza yenyewe kujaza figo kalsiamu. Kwa Chifu kipimo chake hakikuwa kimefika huko, lakini vidonge havikuwa vikimsaidia. Hansadi alikuwa na ushahidi kutoka huko huko kwa Dola: mwaka 2006 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti wa wanawake zaidi ya 36,000 waliokwisha koma hedhi, na waliopewa kalsiamu na vitamini D walipata mawe ya figo asilimia 17 zaidi ya wenzao. Dola aliposikia alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Tangu hapo hutuma viatu.

Kisha kikaja kipimo cha mkojo wa saa 24, na hapo ndipo nyumba yetu ilipojulikana.

Sikiliza utaratibu wake, maana unaweza kukufikia. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa. Baada ya hapo kila tone la mchana na usiku linaingia kwenye chombo kimoja kisafi, mpaka ule wa kwanza wa asubuhi inayofuata, ambao nao unatiwa humo. Kikikosekana kikombe kimoja, hesabu yote imeharibika. Na chombo kikae mahali pa baridi. Tulinunua jerikeni mpya ya lita tano, na mahali pa baridi kwetu ni stoo ya udongo iliyo nyuma ya jiko, zinapotundikwa sotet, vile vibuyu vya mursik, na kuwekwa maziwa ya jioni.

Mara ya kwanza Chifu alifuata kila kitu. Magharibi Kogo akaingia stoo kutafuta kibuyu. Kogo hawezi kuvumilia chombo kilichokaa na kitu asichokijua. Alikifungua, akanusa, akasikitikia ujana wa siku hizi, akaenda kumwaga yote kwenye sukuma wiki zake. Kisha akaisugua jerikeni hadi ikang'aa, akaitundika kwenye ua ipate jua. Chifu hakusema neno. Alimtazama mama yangu, akanitazama mimi, akaingia kulala.

Tukarudia. Safari hii kila mtu alielezwa kwenye baraza, na Kamishna akaandika karatasi kwa herufi kubwa, MALI YA CHIFU USIGUSE, akaibandika. Usiku ukapita salama. Alfajiri Spidi, aliyekuwa amelala kwa rafiki yake siku ya baraza, akaingia gizani, akachukua jerikeni zote zilizokuwa stoo, akazifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki, huyo, akaenda kwenye kituo cha kupozea maziwa.

Nilitoka nje nikamkuta Chifu amesimama mlangoni pa stoo. Mkononi ameshika kikombe. Ule wa mwisho, unaokamilisha kipimo, ulikuwa kwenye kikombe, na jerikeni ilikuwa barabarani.

Simu ya Spidi ililia mfukoni mwake asiisikie kwa ngurumo ya pikipiki. Nilimgongea jirani, yule mwenye kutaka ng'ombe wa paji jeupe, akanibeba kwenye pikipiki yake bila kuuliza, na kwa wema huo nitamshukuru maisha. Tulipofika, foleni ilikuwa imefika kwa Spidi. Mpokeaji maziwa alikuwa na laktomita mkononi na tayari ameishika jerikeni kwa mpini. Akasoma karatasi. Akamwuliza Spidi, "Huyu Chifu ni wa wapi, na kwa nini maziwa yake yasiguswe?" Niliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama. Nilichomweleza yule bwana kilisikiwa na foleni nzima, na wazee wawili walivua kofia kwa heshima. Kizibo hakikuwa kimefunguliwa.

Tuliporudi, kile kikombe kikatiwa humo. Kamishna aliipakata jerikeni kwenye matatu hadi Bomet mjini, na kila abiria aliyepanda alielezwa kilichomo, ni cha saa ngapi, na kwa nini kisimwagike. Kabla ya nusu ya safari tulikuwa tumebaki na viti viwili wazi kila upande. Maabara walipima ujazo, wakachukua kiasi kidogo cha kupeleka Nairobi.

Majibu ndiyo yaliyomaliza kesi. Kwa siku nzima Chifu alikuwa ametoa lita moja na kidogo tu, na mtu mwenye shida hii anatakiwa kutoa mbili hadi mbili na nusu. Kalsiamu kwenye mkojo ilikuwa juu. Sitreti, ambayo kazi yake ni kuizuia kalsiamu isigande, ilikuwa chini. Na chumvi ilikuwa juu kupita kiasi. Daktari alieleza kwamba figo zinapotoa sodiamu ya chumvi huiachilia na kalsiamu itoke nayo, hivyo anayekula chumvi nyingi anajitilia kalsiamu kwenye mkojo hata kama hajagusa maziwa.

Chifu akaitisha baraza. Senge alikuja na wanawake wawili wa kanisani kama mashahidi. Hansadi akasimama. Alisema kwamba mwaka 1993 Wamarekani walichapisha matokeo ya wanaume zaidi ya 45,000, na waliokula kalsiamu nyingi kwenye chakula ndio waliopata mawe machache zaidi. Kisha mwaka 2002 madaktari wa Italia wakatangaza matokeo ya wanaume 120 waliowahi kupata mawe. Kwa miaka mitano nusu yao walipunguziwa maziwa na jibini. Nusu nyingine waliachiwa kalsiamu ya kawaida, ila chumvi na nyama vikapunguzwa. Kati ya 60 walionyimwa maziwa, 23 walipata mawe tena. Kati ya 60 walioachiwa, ni 12.

"Kwa nini?" Senge akauliza, na kwa mara ya kwanza alikuwa anauliza akitaka kujua.

Kwa sababu kwenye mboga, karanga na majani chai kuna kitu kinachoitwa oksaleti. Oksaleti ikikutana na kalsiamu ya maziwa tumboni, vinashikana huko huko na kutoka na choo. Ikikosa kalsiamu tumboni, inapenya kwenye damu, inafika kwenye figo, na huko ndiko inakoikamata kalsiamu. Kogo, aliyekuwa ameinama akichambua mboga ya managu, akainua uso. Maisha yake yote amechemsha managu na isagek kisha akamimina maziwa juu, nasi watoto wake tuliorudi kutoka mjini tulimwambia huo ni ushamba. Hakusema lolote. Alichukua jagi la maziwa, akamimina, na siku hiyo alimimina zaidi.

Basi maziwa yakaachiliwa huru. Glasi moja ina takriban miligramu 300 za kalsiamu, na mtu mzima anahitaji kama 1,000 hadi 1,200 kwa siku, kwa hiyo Chifu anakunywa glasi zake pamoja na chakula na hana haja ya kidonge. Chai ya maziwa anaruhusiwa. Strungi, ile isiyo na maziwa, ndiyo amepunguziwa, na pia mboga za terere na spinachi, zenye oksaleti nyingi. Sukuma wiki haina shida. Senge alitoka pale akaenda kutangaza kijiji kizima kwamba maziwa ni dawa ya figo, na ilibidi tumfuate tena.

Kwenye chumvi hatujashinda. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu tano kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na kiasi hicho Kogo hukitia kwenye sufuria moja kwa kuonja tu. Chifu alifungia mkebe wa chumvi kabatini. Kogo akaanza kuja na yake ndani ya mfuko wa aproni. Magadi alikubali kuyaacha baada ya Hansadi kumweleza kwamba nayo ni sodiamu ile ile, lakini chumvi, anasema, ni adabu kwa mgeni, na kwake kila mtu mezani ni mgeni. Siwezi kumpekua mama yangu. Siku hizi chakula cha Chifu hupakuliwa kwanza, Kogo akiwa bado anaosha mikono.

Na maji! Wewe wa mjini mwenye bomba, lita tatu kwa siku ni kufungua mfereji. Kwetu lita tatu ni punda, ni mteremko wa kwenda bwawani, ni kuni za kuchemshia. Kiangazi tangi la mvua likikauka, Spidi na punda hufanya kazi mbili, na hakuna anayenung'unika kwa sababu ni ya Chifu. Tatizo ni Chifu mwenyewe. Ana mazoea ya miaka mingi ya kuwanywesha wengine kwanza. Utamwona amewanywesha ndama, kuku na wajukuu wa jirani, na chupa yake bado imejaa mezani. Kamishna amepewa kazi ya kumfuata nayo. Anamfuata hadi kanisani, na katikati ya mahubiri utasikia sauti: "Mama, mbili bado." Kabla ya kulala anakunywa glasi nyingine, kwa kuwa usiku ndipo mkojo unapokuwa mzito, na akiamka kwenda choo anakunywa tena. Naamka naye, nashika tochi. Tunasimama uani, twatazama nyota za upande wa Mara, tunajadili ada za shule.

Dawa anazo mbili: moja ya kupunguza kalsiamu kwenye mkojo, nyingine ya potasiamu sitreti. Limau la mti wetu nalo lina sitreti, na glasi ya maji hupata maji ya limau kila asubuhi. Lakini vidonge ni vyake peke yake. Senge alitaka viwili vitatu kwa ajili ya rafiki yake mwenye mgongo, na hapo nilikuwa mkali kwa shangazi yangu kwa mara ya kwanza maishani. Potasiamu ikizidi kwa mtu ambaye figo zake zimechoka inaweza kuusimamisha moyo. Alikasirika, akarudi wiki iliyofuata na maparachichi.

Picha ya karibuni imeonyesha kwamba weupe haujaongezeka. Daktari alitutahadharisha mapema kwamba ukishakaa ndani ya nyama ya figo mara nyingi hauondoki, na kwamba usipozidi, na figo zikiendelea kuchuja vizuri, huo ndio ushindi tunaoutafuta. Chifu alimsikiliza, akamshukuru, akamwuliza yeye mwenyewe anakunywa maji kiasi gani.

Ila mkojo wa saa 24 unatakiwa tena, waone kama dawa inafanya kazi. Baraza limekaa. Spidi atalala nyumbani. Maziwa ya jioni yatahamishiwa jikoni, jerikeni ibaki peke yake stoo, na mlinzi wake atakuwa Kogo. Amekubali kwa sharti moja: maabara wakishachukua chao, kitakachobaki kirudishwe Chebunyo, kiende kwenye sukuma wiki, kwani tangu jioni ile, anasema, hajapata kuona majani mapana namna ile.